Doa Jeupe la Lualaba

"Teknisien, unanipata?"

Idrissa alimpata vizuri. Aliilaza redio ya Motorola kitandani, uso chini, na sauti ya Mike, bosi wake, ikazama kwenye godoro.

Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta.

Ramani ilikuwa imekamilika. Mto Lualaba ulijichora hapo kuanzia bandari ya Kindu hadi mbali chini ya mji, rangi kwa rangi: manjano penye kina kifupi, kisha kijani, kisha buluu nzito pale ambapo mti mzima ungesimama na kilele chake kisionekane. Kila mstari mwembamba ulikuwa njia ya mtumbwi mmoja. Wavuvi walikuwa wameuchana mto wote kama mama anavyochana nywele za bintiye.

Isipokuwa mahali pamoja.

Karibu na ukingo wa Alunguli, ng'ambo ya mji, chini kidogo ya kisiwa, palikuwa na doa jeupe lenye umbo la yai. Kila mstari ulifika ukingoni mwa doa ukakatika. Upande wa pili wa doa, mstari uleule ukaanza tena. Wavuvi hawakupazunguka mahali pale. Walipita juu yake, mtumbwi baada ya mtumbwi.

Walipita wakiwa wamezima mashine zao za kupimia kina.

Idrissa alijua doa lile lilikuwa nini. Alijua pia ni nani aliyelichora.

Ni yeye mwenyewe.

*

Jina lake la kazi lilikuwa Kibombo. Mkubwa wake, kanali mmoja mwanamke aliyeketi Kinshasa katika ofisi isiyo na kibao mlangoni, aliitwa Lubutu. Amri yake ilikuja kwa simu, fupi kama kawaida: kuna mtu anagawa samaki bure Kindu, nenda ukaitafute ndoano.

Mtu huyo alikuwa Mike, mgeni mwenye ndevu safi, pasipoti nyingi na Kiswahili cha pwani. Alikuja na mradi ulioitwa Samaki kwa Wote. Aliwapa wavuvi sonda, mashine za kutafutia samaki kwa sauti, Lowrance mpya kabisa, kila moja na kioo chake, betri yake, na kadi ndogo iliyorekodi sura ya chini ya mto. Idrissa aliomba kazi ya ufundi akaipata. Kila Alhamisi alikusanya kadi na kuziunganisha katika ramani moja, ili ikikamilika ampelekee Mike.

Lubutu alishuku kwamba Mike hakujali samaki. Mike alikuwa anatafuta barji, meli bapa ya mizigo. Mwaka 1998, vita vilipoukaribia mji, askari waliokuwa wanakimbia waliijaza masanduku ya mabomu wakaielekeza Ubundu, mji wa chini ya mto. Watu wa mji waliomba nafasi. Wakapewa, juu ya masanduku. Haikufika mbali. Ilizama na wote.

Risasi huliwa na kutu. Baruti iliyo ndani ya bomu haiozi. Ukiitoa, ukaikausha, inaua kama siku ilipotoka kiwandani, na mashariki kulikuwa na wanunuzi wa kutosha wa kuizika chini ya barabara.

Siku ya mafunzo, Idrissa alikuwa amesimama mbele ya wavuvi akiwa na furaha ya kweli. Alipenda kueleza vitu. Alisema sonda ina sikio ambalo unalitumbukiza majini. Linatoa sauti, sauti inashuka, inagonga, inarudi, na mashine inahesabu safari yake. Mama Scholastique, mkuu wa chama cha wavuvi na wauza samaki, aliinua mkono akauliza kama kweli sauti inagonga, hata kama mtu haisikii. Idrissa akajibu kwa fahari kwamba inagonga, mara nyingi kila sekunde. Mama akamshukuru, akakaa.

Idrissa hakumuuliza kwa nini alitaka kujua.

Na Mike siku ileile, akifunga masanduku, alitamka neno ambalo Idrissa alilichukulia kuwa la mtu mwenye huruma na samaki.

"Mimi sitaki kujua wanapovua. Nataka kujua wasipovua."

Sasa alilielewa. Mike alijua desturi za watu wa mto. Alijua kwamba mvuvi hawasumbui waliozama. Kwa hiyo hakutafuta barji yenyewe. Alitafuta heshima ya watu, aifuate hadi mwisho wake.

Redio ikakoroma kwenye godoro. Idrissa akaiinua.

"Kadi," alisema Mike. "Ofisini. Sasa."

"Patron, kadi zimeingia maji. Nyingine hazisomeki. Nipe muda nipitishe mitumbwi tena."

Redio ikapumua.

"Kesho mchana. Louis atakuja kukusaidia."

Louis alikuwa mlinzi wa Mike. Hakuwahi kumsaidia mtu.

*

Idrissa alifuta ramani, akaficha kadi kwenye soksi, akapiga simu akiwa tayari juu ya pikipiki.

"Lubutu," kanali alijitambulisha.

"Kibombo. Mahali pameonekana. Mike akipaona, anachimba. Tumkamate leo."

"Kwa kosa gani? Kugawa sonda?" Sauti ya kanali haikupanda wala kushuka. "Namtaka na wazamiaji wake, baruti yake ya kukatia chuma, na simu yenye namba ya mnunuzi ndani. Mpe mahali pa kuzamia. Pasiwe pale."

"Mashine haidanganyi, mkubwa. Nikichezea takwimu ataona."

"Mashine haidanganyi. Watu wanadanganya. Tafuta watu."

Simu ikakatika.

Kwenye kioo cha pembeni, pikipiki nyekundu ya TVS ilikuwa imetokea. Louis, miwani nyeusi, shati linapepea. Idrissa hakuongeza mwendo. Mtu anayekimbia ana jambo. Alipita soko kuu polepole, akasalimia muuza mihogo, akapinda kushoto kati ya magunia ya mchele. Akapinda tena.

TVS ikapinda pia.

Sasa akafungua mafuta. Pikipiki iliruka mfereji, ikateremka kwa kishindo kuelekea bandarini. Bac, kivuko cha kwenda Alunguli, ilikuwa inang'oa nanga, ulimi wake wa chuma umeanza kuinuka. Idrissa aliupanda kabla haujasimama. Watu walimsonya. Mama mmoja mwenye kuku alimuuliza kama mazishi anayoyakimbilia ni yake mwenyewe.

Nyuma, Louis alisimamisha pikipiki ukingoni. Kati yao maji ya kahawia yalipanuka.

*

Scholastique alikuwa anakausha samaki ufukweni Alunguli, mikono imejaa masizi hadi viwiko. Alikuwa mama mnene wa mabega, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita upande wa pili wa mto. Alimkaribisha kwa kigoda na maneno machache. Idrissa hakukaa.

"Mama, kuna fasi moja munazimaka sonda."

"Iko." Aligeuza samaki aina ya kapiteni juu ya moshi.

"Juu ya nini munazima?"

Scholastique alimtazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mjinga.

"Weye njo ulisema inagonga. Mutu anagongaka mulango ya watu wenye kulala?"

Akamweleza, akiendelea na kazi yake. Tangu mwaka ule wa vita, mtumbwi ukifika pale, wapiga kafi huinua makafi yao na kuuacha mto uwabebe. Hakuna anayekohoa. Hakuna anayegonga ubavu wa mtumbwi, wala anayemwaga maji. Nyavu hazishuki. Mumewe Jules alikuwa chini pale. Aliipata nafasi yake kwenye barji kwa sababu yeye, Scholastique, aliwasukuma watu kwa viwiko hadi akamfikisha mbele. Alisema hivyo bila kubadili sauti, kisha akapuliza moto uliokuwa hauhitaji kupulizwa.

Ndipo Idrissa akakaa.

Alimwambia yote. Alikuwa nani, Mike alikuwa nani, barji ilibeba nini. Alimwambia kwamba ukimya wao umechorwa, unaonekana kama shimo kwenye nguo. Aliyesema kwamba sonda inagonga alikuwa yeye, na aliyemfanyia Mike kazi bila kujua alikuwa yeye.

Scholastique alicheka kicheko kikavu.

"Basi samaki ya bure inafananaka vile."

"Mama, niko na ombi. Ni ombi mbaya."

"Sema."

"Kesho mitumbwi ipite pale na sonda ikiwaka. Barji imefunikwa na mchanga. Kwenye kioo itaonekana kilima tu, na mto umejaa vilima. Halafu mufike Mawe ya Mbenga, upande ingine ya kisiwa, pale muzime. Wote. Munyamaze sawa vile munanyamazaka kwa watu wenu."

Mkono wa mama ulisimama juu ya moto. Samaki akaanza kuungua.

"Unaniomba niende kumugongea bwana yangu."

"Ndiyo, mama."

"Na heshima yake niwapatie mawe."

Idrissa alitazama mikono yake. Ilikuwa safi, mikono ya mtu wa kompyuta, na aliona aibu nayo.

"Ile baruti ikitoka," aliuliza Scholastique, "inaenda kuua nani?"

"Sijui. Watu wa barabara. Mama fulani anatoka soko."

Alimtoa samaki aliyeungua, akamtazama, akamtupa kando. Kisha akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kwa kidole.

"Asubuhi. Miye mwenyewe nitaingia mutumbwi ya mbele, na Hamisi. Na weye utaikala katikati, usikie vile inasikiaka."

*

Jua lilikuwa limeshapanda walipotoka. Louis alisimama bandarini na darubini. Aliogopa mtumbwi kama paka anavyoogopa maji, na kutoka pale mitumbwi yote ilifanana.

Hamisi alisimama nyuma na kafi refu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mcheshi, aliyemwita Idrissa "Papa Sikio" tangu siku ya mafunzo. Asubuhi hii hakutania. Walipokikaribia kisiwa aliinua kafi, maji yakatiririka kutoka kwenye bapa lake, kisha tone, kisha hakuna. Nyuma yao makafi yote yakainuka.

Mto ukawabeba.

Sonda ilikuwa inawaka mbele ya magoti ya Idrissa. Mstari wa chini ya mto ulikwenda sawa, sawa, kisha ukaanza kupanda. Kilima kirefu. Mgongo wake ulinyooka mno kuwa wa mchanga, lakini ilihitaji jicho lenye kujua. Juu ya kilima yakatokea matao ya rangi nyekundu, moja juu ya jingine, manene.

Samaki. Wakubwa ambao hakuwahi kuwaona kwenye kioo.

Mashine ikapiga kelele.

Ti. Ti. Ti. Ti.

Kengele ya samaki. Alikuwa amesahau kuizima. Alikuwa amefikiria betri, kadi, silaha, njia ya kutorokea, na hakufikiria kengele. Sauti ile kali ya plastiki ilikwenda juu ya maji, ikagonga miti ya ukingoni, ikarudi. Vidole vyake vilitafuta kitufe vikakosa. Vikakosa tena.

Kiganja cha Scholastique kilishuka juu ya spika, kikaibana. Sauti ikafa chini ya nyama ya mkono wake.

Hakumtazama Idrissa. Alitazama kioo.

"Hii mekundu njo nini?" aliuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Samaki, mama. Kapiteni, nazani. Wamezeeka hapa. Hakuna mutu anawavuaka."

Kiganja chake hakikuondoka kwenye spika hadi kilima kilipoanza kushuka.

"Basi hawako peke yao," alisema.

Hamisi aliteremsha kafi. Idrissa alihesabiwa kati ya majasusi bora wa idara yake. Alikwishavuka mipaka kwa majina ya watu waliokufa. Sasa ndipo alipokipata kitufe cha kengele. Akaizima.

Kwenye Mawe ya Mbenga, ambako hakuna aliyelala, mitumbwi ilizima mashine moja baada ya nyingine. Makafi yakainuka. Hakuna aliyekohoa.

*

Mike aliitazama ramani mpya akiwa amesimama. Alikunywa chupa nzima ya bia ya Primus bila kuketi. Kisha akaweka kidole juu ya doa jeupe, karibu kwa upole.

"Ndiyo hii."

Alimuuliza Idrissa kwa nini jana alimkimbia Louis. Idrissa akasema hakumwona. Aliwahi bac ili akawapange wavuvi. Mike akatabasamu. Akasema vizuri, kwa kuwa anaelewana nao hivyo, amwite yule mama mkuu wa chama. Watapanda wote boti.

"Mama wa nini, patron? Kazi ni ya mashine."

"Mumewe alizama na ile barji. Watu wamenieleza." Hakuficha tena alichotafuta. Alivaa kofia. "Kioo chako kinaweza kukosea. Uso wa mjane haukosei. Nataka kuutazama tukiwa juu ya mahali."

Idrissa hakuwa na njia ya kukataa. Hakuwa hata na njia ya kumwonya, kwa sababu ni Louis aliyetumwa kumleta.

Boti ilikuwa ya chuma, injini mbili za Yamaha nyuma. Chini ya turubai palikuwa na mabaluni ya kuinulia mizigo kutoka majini, na sanduku ambalo wazamiaji wawili walilishika kama yai. Baruti ya kukatia chuma. Mbele, sonda ya Humminbird yenye kioo kipana ilimngoja fundi. Betri yake Idrissa aliibeba mwenyewe. Nusu ya sanduku la betri ilikuwa betri. Nusu nyingine ilikuwa bastola ya Makarov.

Scholastique alipanda. Alikuwa amevaa kitenge kizuri na kilemba cha rangi ya udongo. Alipokaa, jicho lake lilipita juu ya Idrissa kama linavyopita juu ya mtu wa kukodiwa.

Kwenye Mawe ya Mbenga, Louis alizima injini. Idrissa alishusha sikio la sonda. Jiwe na chuma vyote hujibu sauti kwa ukali. Kioo kikajaa alama ngumu zenye vivuli virefu.

"Kitu kigumu," alisoma. "Kirefu. Kina pembe."

Kila neno lilikuwa kweli.

Mike hakuangalia kioo. Alikuwa amegeuka, viwiko juu ya magoti, akimtazama mama.

"Mama, unapajua hapa?"

Scholastique alitazama maji kwa muda mrefu. Mto ulipita juu ya mawe bila povu, mzito, kama mgongo wa mnyama. Kisha mkono wake ukapanda kichwani, ukafungua kilemba. Nywele zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko Idrissa alivyodhani. Akateremka kutoka kwenye ubao, akakaa chini kabisa, ndani ya maji machafu ya boti, miguu imenyooka mbele.

"Jules," alisema.

Akalia.

Idrissa alifikiri kwamba alikuwa anaigiza, akamsifu moyoni kwa ustadi. Alifikiri hivyo kwa pumzi chache tu. Kilio kile kilianza chini, mahali pasipofikiwa na ustadi, kikapanda kikimpasua. Alimwita mumewe kwa jina, kwa jina la baba yake, kwa jina la utani la nyumbani. Alimwambia viwiko ni vyake. Alimwambia asiulize nani alimpeleka mbele.

Kilio kilikuwa cha kweli. Mahali ndipo palipokuwa pa uongo.

Hata Louis aligeuza uso. Mike alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeonja mchuzi. Aliridhika. Akatoa simu ya setilaiti ya Thuraya, akampigia mtu fulani, akasema kwa furaha kwamba mzigo umepatikana na malori yaje.

Kisha akawaonyesha wazamiaji maji.

Idrissa aliweka kidole juu ya kitufe cha Motorola. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Hakusema kitu. Ndani ya matete ya kisiwa, askari aliyetumwa na Lubutu kungoja alisikia mikwaruzo hiyo kwenye redio yake.

Mapovu yalipanda. Mapovu yakasogea. Muda ukapita. Kichwa cha mzamiaji mmoja kikatokea, akang'oa mdomo wa hewa.

"Mawe," alisema. "Mawe matupu."

Mike hakupiga kelele. Alimgeukia Scholastique taratibu, na bastola ya Glock ilikuwa tayari mkononi.

"Mama amenilia mawe," alisema.

Mkono wa Idrissa ulikuwa karibu zaidi na ufunguo wa injini kuliko na Makarov.

Akachagua ufunguo.

Yamaha zilinguruma. Boti ikaruka. Mike alianguka mgongo juu ya mabaluni, risasi ikapiga kioo cha Humminbird, vipande vikamwagika kama mchele. Kabla hajainua mkono tena, chuma baridi kilikuwa nyuma ya sikio lake.

"Tulia, patron," alisema Idrissa. "Fundi bado anafanya kazi."

Zodiac, boti ya mpira ya askari wa maji, ilichomoka kwenye matete. Louis aliinua mikono kabla ya kuambiwa. Mtu asiyejua kuogelea hujisalimisha mapema.

Askari walichukua kila kitu: Mike na Louis, wazamiaji, mabaluni, sanduku la baruti, Thuraya iliyokuwa bado ina joto la mkono, na mnunuzi ndani yake.

*

Walimshusha Scholastique ufukweni Alunguli. Idrissa alishuka naye. Kilemba kilikuwa mkononi mwa mama, kimelowa, hakukifunga.

Idrissa alitaka kumshukuru. Neno lilionekana dogo, akalimeza. Akasema tu kwamba ameokoa watu.

"Najua." Aliketi juu ya ubavu wa mtumbwi mkavu. "Unajua, Papa Idrissa, siku ile sikumulilia. Mwili haikuonekana. Nilisema nitalia siku itaonekana. Miaka yote ile niliiweka." Akakamua kilemba, maji yakadondoka mchangani. "Kilio ya kwanza ya Jules, nimeimwangia mawe. Mbele ya mwizi."

Idrissa alisimama mbele yake kama mtu aliyevunja chombo katika nyumba ya watu. Alitafuta ndani yake kitu ambacho angeweza kumpa. Alikuwa na bastola, redio, na jina ambalo si lake.

Simu ikaita.

"Kibombo," alijibu Idrissa.

"Lubutu. Kazi safi. Nipe alama za barji. Wanamaji wanakuja kutoa masanduku kabla mwingine hajapata akili kama ya yule."

"Na watu?"

"Watu gani?"

"Waliolala juu ya masanduku."

"Kibombo, hao wako mle tangu vita. Hawana haraka. Watasogezwa, kazi iendelee."

Idrissa alimtazama Scholastique. Hakuwa anasikiliza, alikuwa anakunja kilemba, pembe kwa pembe. Katika kijiji cha kando ya mto watoto walikuwa wanacheka. Mitumbwi ilikuwa inarudi na samaki.

"Andika, mkubwa," alisema.

Akamtajia longitudo, tarakimu kwa tarakimu.

"Nimeandika. Latitudo?"

"Latitudo itakuja na majeneza."

Kalamu ya kanali ilisikika ikiwekwa mezani.

"Unaniwekea masharti?"

"Ndiyo, mkubwa. Watu kwanza. Kila mtu kwenye jeneza, na padri na shehe, na mji ukiangalia. Halafu masanduku."

"Unajua jeshini jambo hili linaitwaje?"

"Najua."

Kanali alikata.

Idrissa alirudisha simu mfukoni. Huenda kesho angekamatwa na watu wa idara yake mwenyewe. Huenda wangeitafuta barji bila yeye, na wangeipata, kwa kelele. Alimweleza mama hivyo, kwa sababu alikuwa amechoka kumficha mambo. Alimwambia kwamba ameomba, hajui kama atapewa.

Scholastique alimsikiliza hadi mwisho.

"Siku watatoka, utakuwa hapa?"

"Nitakuwa hapa, mama."

"Hapana useme. Ukuye tu."

Hakumpa mkono. Idrissa hakuutegemea. Alivaa miwani yake ya jua, akatikisa maji kwenye viatu, akaanza kupanda mteremko kuelekea barabarani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, Makarov ikimgusa kiunoni na jambo jingine zito zaidi likimgusa mahali pengine.

Hakuwa amefika juu simu ilipoita tena.

"Lubutu," ilisema sauti. Ilikuwa imechoka, kwa mara ya kwanza ilikuwa sauti ya mtu. "Majeneza mangapi?"

Idrissa alisimama. Hakuna aliyewahi kuwahesabu waliopanda siku ile.

"Sijui, mkubwa," alisema. "Leta mbao. Tutapigilia wenyewe."

Akaendelea kupanda.